Nywele za Nadhiri

Mimi nafundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo haijanipa subira hata chembe. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele nikianza kufoka. Mwanafunzi anakwambia "breki nimekanyaga, mwalimu," na mguu wake uko kwenye mafuta na ukuta unakuja, utamjibu nini? Basi ndivyo nilivyokuwa narudi nyumbani mwaka huu, kichwa kinanigonga, nataka chai na kimya. Siku moja nikafungua mlango nikamkuta baba yangu mzazi, mwanaume wa miaka sitini na minne, amesimama juu ya mzani wa bafuni, katikati ya sebule, amekumbatia sanduku la safari.

"Inasema ngapi?" akamwuliza Mama, maana sanduku lilimziba macho.

"Mia moja na mbili. Sasa toa uzito wako."

"Uzito wangu siujui."

"Basi teremka, upande tena bila sanduku."

"Nikiteremka nitaisahau hii namba."

Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake na kalamu mkononi. Alikuwa katibu wa shule kwa miaka thelathini, na kila kitu hukiandika. Nikawaambia kwamba sanduku lenyewe ni tupu, naliona kabisa zipu iko wazi. Wakanitazama wote wawili kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Baba akasema wanafanya mazoezi ya kupima.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia kwenye sanduku mtu atadhani nyumba yetu ni ya vichaa.

Baba ni kinyozi. Ana kibanda cha viti viwili kati ya duka la rangi na fundi wa miwani, na kiti cha pili ni cha rafiki yake wanayemwita Profesa. Chuo huyo hajakanyaga, ila husoma gazeti hadi matangazo ya vifo kabla ya kumnyoa mtu. Kwa miaka arobaini Baba amenyoa nusu ya mtaa huu, na kwa mitano ya mwisho yeye mwenyewe hakunyolewa. Nywele zake zilifika kiunoni. Alizifunga fundo utosini na kuzifunika kitambaa, na kila mteja mgeni aliyeingia akakuta kinyozi mwenye nywele kuliko wateja wote wa siku ile, alisema neno moja: "Kweli kinyozi hajinyoi." Alilisema akicheka, kama vile amelitunga yeye. Baba naye alicheka kila mara, kama vile hajawahi kulisikia. Wateja wa kudumu walimpa jina la Kichaka, na likakaa.

Sababu ya Kichaka ni Mama. Mama aliugua saratani ya titi. Naitaja kwa jina kwa sababu mwenyewe hapendi watu wanaosema "ule ugonjwa", eti kana kwamba ukiutaja utaitika. Wiki aliyoanza matibabu, Baba alisimama mbele ya rafu yetu ya sala, penye picha ya Mungu wa mlimani na taa ya mafuta, akaweka nadhiri. Ikipita miaka mitano na Mama ni mzima, watakwenda wawili kwenye hekalu la mlimani, katika nchi walikotoka mababu, wapande ngazi kwa miguu mitupu, na huko juu Baba atoe nywele zake zote. Watu wetu hutoa nywele pale. Unapanda na kichwa chako cha kila siku, unashuka na kipara, na fahari yako umeiacha kwa Mungu. Na kati ya siku ile na siku ya kufika, chuma kisiguse kichwa cha Baba: mkasi, wembe wala mashine.

Kwa mtu mwingine nywele ni nywele tu. Baba alikuwa mtu wa kujitengeneza kila Jumatatu asubuhi kabla hajafungua duka, kisogo kimenyooka utadhani kimepigwa rula. Mwaka wa kwanza wa nadhiri alifanana na mtu aliyetoroka mahali. Joto lilimtesa, akawashwa, akajikuna kwa vijiti vya vitana, lakini chuma hakikugusa. Nilimwambia mara moja kwamba hata akipunguza kidogo masikioni Mungu hatakasirika. Alinijibu kwa sauti ndogo nisiyoizoea: "Mama yako yuko hai kwa sababu nimeshika. Usiniambie niachie." Sikurudia tena.

Mwezi wa tatu mwaka huu daktari akamwambia Mama, "Mama, sasa tuonane mwakani, kusalimiana tu." Baba alimkumbatia daktari. Akamkumbatia na dada wa mapokezi, na bwana mmoja aliyekuja kutengeneza dirisha, ambaye hakujua lolote lakini alikumbatia vizuri sana. Kutoka siku ile wazazi wangu hawakukalika. Furaha iliwapanda kichwani kama watoto walioambiwa kesho hakuna shule.

Kwanza ilikuja safari ya ofisi ya pasi za kusafiria. Nilikwenda nao kwa sababu nilijua wenyewe wataharibu. Afisa akafungua pasi ya Baba ya zamani, ambayo picha yake ni ya kichwa kilichonyolewa hadi kinang'aa, akamtazama Baba, akaitazama tena picha.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Mimi."

"Na wewe?"

"Mimi huyo huyo, kabla sijamwahidi Mungu."

Afisa akasema basi atapigwa picha mpya. Baba akakubali, ila akamwonya kwa heshima kwamba akirudi safari atakuwa kama kwenye ile ya zamani. Afisa akaweka kalamu chini. Mama akachukua hatamu, akaeleza yote kuanzia hospitali, akatoa faili lenye karatasi za daktari ambazo hakuna aliyeziomba. Mwishowe afisa alitoka nyuma ya kioo chake kuja kuona nywele zenyewe. Baba akafungua fundo pale pale. Zilipoanguka hadi kiunoni foleni nzima ilipiga makofi, na bibi mmoja akaomba azishike. Nilitamani ardhi ipasuke. Tukaambiwa asafiri na pasi mpya na aitie ya zamani mfukoni, wakimsimamisha awaonyeshe zote mbili.

Kisha zikaja ngazi. Hekalu lina ngazi elfu mbili na mia moja. Mama alisoma mahali akaandika. Jengo letu lina sabini na mbili, kutoka mlango wa chini hadi kwetu ghorofa ya nne, na lifti yake ilikufa zamani tukaizoea maiti. Mama akapiga hesabu: kupanda jengo mara ishirini na tisa na kipande ndiyo hekalu moja. Akaweka ratiba. Wiki ya kwanza mara tatu kwa siku, ya pili mara tano, na kwa miguu mitupu, ili nyayo zizoee. Jirani wa ghorofa ya pili, mama mpole sana, alipomwona Mama akipita peku kwa mara ya nne asubuhi ile, alimletea viatu. Mama alimshukuru na kumweleza. Kesho yake jirani naye akaonekana akipanda nao, eti na yeye magoti yanamsumbua. Baba alikuwa anaishiwa pumzi ghorofa ya tatu. Alikaa kwenye ngazi akasema, "Tangulia, Katibu. Mimi nawalinda nyuma." Jina la Katibu ni lake yeye tu, sisi wengine haturuhusiwi.

Lakini dukani ndiko alikoharibika kabisa. Profesa aliniambia hakuna mteja aliyetoka bila kusimuliwa safari nzima: ndege, kisha treni, kisha basi, kisha mguu. Waliokuja kunyolewa ndevu walitoka wanajua saa za treni ya nchi ambayo hawatakwenda. Mwenye duka la rangi aliahidiwa maji matakatifu, fundi wa miwani akaahidiwa picha. Aliyekuja na haraka alinyolewa polepole, ili hadithi imtoshe.

Na hapo ndipo ilipotokea. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, zimebaki siku tisa. Nilipita dukani kati ya masomo ya wanafunzi wawili kumpelekea Baba tiketi, nikasimama mlangoni kusubiri amalize sentensi, kazi ambayo inataka moyo. Kwenye kiti alikaa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mteja wa kila wiki mbili, mwenye nywele pembeni tu maana za juu zilishahama. Baba alikuwa amefungua nywele zake kumwonyesha urefu. Mashine ilikuwa mkono wa kulia, inanguruma, imewekwa sifuri, maana alikuwa anamalizia kisogo.

"Vinyozi wa kule wamekaa mstari mmoja," Baba alikuwa akisema, uso unang'aa. "Mia, Mwalimu. Vinyozi mia. Dakika mbili kichwa kimoja. Mtu unakaa chini, unafumba macho, unamwita Mungu, na wao wanapita hivi..."

Na kichwa kikamwasha. Aliniapia baadaye kwamba kilimwasha, juu ya sikio la kushoto, pale pale panapomwasha kila siku tangu mwaka wa kwanza. Mkono ukaenda wenyewe kujikuna. Mkono wa kulia.

Sauti ya mashine hubadilika ikiingia kwenye nywele, na kinyozi yeyote huijua. Profesa aliinua macho kutoka gazetini kabla hata mimi sijaelewa. Shungu refu kama mkono wangu liliteleza likaangukia bega la Mwalimu Mkuu. Alilitazama, akajitazama kwenye kioo, akasema kwa adabu, "Hizi si zangu."

Baba akazima mashine. Kutoka panjani hadi nyuma ya sikio kulikuwa na njia nyeupe, pana kama vidole viwili, safi kama kazi zake zote.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, maana sijivunii. Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mbele ya wateja kama ninavyomfokea mwanafunzi aliyepanda kwenye bustani ya watu: "Mkono wako ulikuwa wapi? Macho yalikuwa wapi? Miaka mitano, Baba, halafu unashindwa siku tisa?" Alipiga magoti akaanza kuokota. Sakafuni kulikuwa na nywele za watu wanne wa asubuhi ile, na yeye alikuwa akizichambua, zake upande huu, za watu upande ule, unywele mmoja mmoja. Mwalimu Mkuu alishuka kitini akapiga magoti naye, shuka la kunyolea bado limemfunga shingoni, akasaidia. Mimi pia nikainama. Nilipomwona Baba akipuliza vumbi kwenye unywele mmoja hasira zote zikaniishia, ikabaki aibu.

"Mdomo uliponza kichwa," Profesa alisema taratibu, bila kejeli. Akafunga mlango wa duka na kugeuza kibao.

Tulimpigia simu kuhani wa hekalu letu la mtaani. Baba aliweka simu mezani karibu na brashi ya poda ili sote tusikie.

"Nadhiri ilisemaje?" kuhani akauliza.

"Chuma kisiguse mpaka huko."

"Na kimegusa?"

"Kimegusa."

"Kwa makusudi?"

"Kwa kuwashwa."

Tukamsikia akikohoa. Nadhani mtumishi wa Mungu alikuwa anajizuia. Kisha akasema, "Mungu ameiona mashine na ameuona mkono, hilo lisikusumbue. Lakini nadhiri hii uliiweka kwa ajili ya mtu. Mwenyewe anasemaje?"

"Hajui."

"Sasa unanipigia mimi kwa nini?"

Baba hakutaka kumwambia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona, na zile nywele amezifunga kwenye kitambaa safi mapajani. Profesa akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, aende tu nyumbani. Baba akasema, "Hamnielewi. Sikuahidi nywele. Niliahidi kushika. Kama nimeiachia leo, na ule ukarudi..." Yeye alikuwa anasema "ule", Mama asiposikia.

Nilimrudisha kwa gari la shule yetu ya udereva, lile lenye pedali mbili za breki na kibao cha L juu, na njia nzima hakuongea, mtu ambaye huongea hata akipiga mswaki. Mlangoni kwetu alijizungushia taulo la dukani kichwani.

Mama alikuwa amekaa sakafuni kati ya masanduku mawili, anakunja sari yake ya kijani. Alikuwa kwenye furaha yake, anaimba bila maneno.

"Taulo la nini?"

"Sikio linauma."

"Lipi?"

"La kushoto."

"Lete nilitazame."

"Limepoa."

Mama alisimama. Mtu aliyesimamia watoto mia sita kwa miaka thelathini humdanganyi na taulo. Alilivuta mara moja, akaona. Alitazama ile njia nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho, akamtazama Baba usoni, akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Baba akasema. "Nilikuwa namsimulia Mwalimu Mkuu habari za vinyozi wa kule."

Mama alianza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, akakalia sanduku, sanduku likabonyea, akazidi kucheka mpaka akashika mbavu. "Na mashine mkononi," alikuwa akisema, "na mashine mkononi." Mimi nami nikaambukizwa, nikageukia ukuta. Kisha nikasikia anacheka peke yake, nikageuka. Baba alikuwa amesimama vile vile na kile kitambaa mkononi, machozi yanamtoka.

"Niliahidi kushika," akasema. "Ili usife."

Mama akaacha kucheka. Akamvuta mkono, akamkalisha kwenye sanduku la pili, magoti yao yakagusana.

"Kwa hiyo wewe unadhani miaka yote hii mimi nimening'inia kwenye nywele zako?"

Baba alikibana kile kitambaa kifuani.

"Nimeshikwa na Mungu," Mama akasema. "Nimeshikwa na daktari, na zile dawa chungu, na huyu mwenye kelele pale mlangoni. Na wewe umenishika, ndiyo, lakini kwa mikono yako, si kwa nywele. Unakumbuka zangu zilipoanza kutoka? Nilikaa mbele yako bafuni kwenye kiti cha plastiki, nikakwambia zimalize. Ulinyoa huku unalia, huoni unaponyoa."

"Nilikukata," Baba akasema. "Miaka arobaini ya kazi, mtu mmoja tu nimemkata."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa katika nyumba hii hii siku zile, na sikuwa nalijua.

Mama alinyanyua mkono akafungua kibanio chake. Nywele zake zilizoota upya zinafika mabegani, nyeusi na mvi kidogo, na anazipenda mno. Anatumia nusu saa kwenye kioo na sisi tunasubiri mlango wa bafuni. Akazileta mbele, akaziweka juu ya kile kitambaa cha Baba, bado ziko kichwani mwake.

"Zilizopungua kwako nitazijaza mimi," akasema. "Tutakaa chini wote wawili, tutoe zote."

"Katibu, hapana."

"Sikukuomba ruhusa."

"Siwezi kukuona tena vile." Baba alizifunika nywele za Mama kwa kiganja. "Chochote kingine. Vile siwezi."

"Vile nilikuwa mgonjwa. Na zile sikuzitoa mimi, zilichukuliwa, hakuna aliyeniuliza. Hizi nimeziotesha, ni zangu, na nataka mara moja tu katika maisha yangu nizitoe mwenyewe, nikiwa nimeshiba na nimepanda ngazi elfu mbili kwa miguu yangu. Utaniona nimenyolewa na ninacheka. Nataka uwe na picha hiyo, ile nyingine uitupe."

Nikajifanya nafunga zipu ya sanduku ambalo Mama alikuwa amelikalia.

Baba alijifuta uso kwa taulo. Alishika nywele za Mama kwa vidole, akazipima unene kama anavyozipima za mteja, akazirudisha nyuma ya bega taratibu.

"Waambie wasiharakishe," alisema mwishowe. "Nyuma ya sikio la kulia ngozi yako ni laini. Lazima ivutwe kidogo ndipo wembe upite."

"Utawaambia wewe," Mama akasema. "Utakuwa umekaa pembeni yangu."